Ukimwelekeza mteja kwa mwenzako, pesa zipite wapi?

Leo hatuzungumzii kutuma wala kutoa. Tunazungumzia ule ujumbe mfupi unaoingia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara saa mbili asubuhi: "Jamani, nani anamjua fundi mzuri wa friji? Ni haraka." Ndani ya dakika tano majina saba yapo pale, mmoja ameandika "njoo inboksi", na kabla ya mwezi kuisha kuna watu wawili hawasalimiani.

Kwa nini tunaingilia mambo ya inboksi? Kwa sababu ugomvi ukishaiva, huletwa kwetu. Mtu anapiga simu huduma kwa wateja akitaka pesa zake zirudishwe, na ukimsikiliza unagundua hakuna aliyekosea namba wala aliyeibiwa namba ya siri. Kilichotokea ni koneksheni iliyopitishwa vibaya.

Somo letu tunaliweka Mbaraki, Mombasa, kwa kuwa pale kazi hutembea kwa mdomo. Kuna magodauni, ofisi za klaringi, gereji za malori, maduka ya vipuri, mafundi wa kuchomelea, na akina mama wa chai na chapati. Mtu wa klaringi akipata kontena anahitaji lori. Mwenye lori anahitaji fundi wa breki. Dereva na turnboi wake wanahitaji chakula. Kazi moja ya bandari inagonga milango mingi, na bandari ikinyamaza milango hiyo yote inanyamaza nayo. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza makontena ya kwenda bara yapakiwe kwenye reli ya SGR na kukaguliwa bandari kavu ya Nairobi, wengi Mombasa walibaki wakitazama simu. Agizo lile liliondolewa Septemba 2022. Msimu kama ule, mwenzako akikutajia mteja mmoja tu, huenda amekulipia kodi ya mwezi. Ndiyo maana watu huumia hivi koneksheni ikienda kombo.

Jumbe tatu, zote za kweli

Mfano huu tumeuunda sisi, lakini vipande vyake utavitambua.

Mama mmoja ana mkahawa wa samaki upande wa Ganjoni. Friza yake kubwa imekufa. Anauliza kwenye kundi. Kijana mmoja anayetafutia watu malori pale Mbaraki anamjibu pembeni: "Mama, niachie mimi, nina fundi wangu." Anampigia fundi, fundi anasema 18,000 pamoja na kompresa. Kijana anamwambia mama 22,000, nusu itangulie kama arbuni. Mama anatuma 11,000 kwa namba ya kijana. Kijana anakata zake 4,000 pale pale, anamtumia fundi 7,000.

Sasa kompresa peke yake ni 9,500. Fundi anaamini mteja ametoa arbuni ya 7,000, kwa hiyo anasubiri aongezewe. Mama anaamini fundi anazo 11,000 mkononi na amelala nazo. Siku ya tatu samaki wameharibika, mama anaipata namba ya fundi, na maneno yanaanza.

"Fundi, elfu kumi na moja zangu ziko wapi?"

"Elfu kumi na moja gani tena, mama? Mimi nimepewa elfu saba."

Kila mmoja anafungua simu yake. Wa mama unaonyesha 11,000 zimeondoka. Wa fundi unaonyesha 7,000 zimeingia. Wa kijana unaonyesha vyote viwili. Jumbe zote tatu ni za kweli, na hakuna hata mmoja ulioandika kwamba 4,000 ni za koneksheni. Mfumo wetu huandika nani kamtumia nani, kiasi gani, saa ngapi. Mliyoelewana kwa mdomo hauyaoni.

Mama akitupigia akitaka muamala urudishwe, jibu letu litamkera: alituma pesa kwa mtu aliyemkusudia. Kurudisha muamala ni kwa ajili ya aliyekosea namba. Hatuwezi kukaa kitako tukaamua nani alistahili nini kati ya mama, kijana na fundi, na hata tungeweza, hatuna kitu cha kusoma.

Tuseme jambo moja kwa haki ya yule kijana. Si mwizi. Kuwakutanisha watu ni kazi, na kazi hulipwa. Kwetu Pwani jambo hili lina jina na historia yake: udalali. Neno dalali lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni mtu anayeonyesha, anayeelekeza. Dalali wa nyumba au wa mnada hana sababu ya kujificha; unamjua ni dalali, unajua ana fungu lake. Makosa ya kijana wetu ni mawili. Alikuwa dalali bila kumwambia yeyote kuwa ni dalali, na alikubali pesa za kazi ya mwingine zipite kwenye laini yake.

Mteja apite kwako, pesa zipite kwa mwenye kazi

Ukichukua kitu kimoja tu kwenye somo hili, chukua hicho. Mwelekeze mteja, mpe namba ya till ya fundi, kaa pembeni.

Faida yake haihitaji maelezo marefu. Mama akilipa kwenye till, jina la biashara ya fundi linatokea kwenye simu yake, na akiwa na malalamiko anajua aanzie wapi. Fundi naye anabaki na rekodi ya mapato yake yote, 18,000, na rekodi hiyo ndiyo atakayoonyesha siku akiomba mkopo wa biashara. Tena pesa zikipita mikono miwili, ada za kutuma hulipwa mara mbili. Kwa mtu anayefanya koneksheni tano kwa wiki, hizo si senti za kudharau.

Na wewe uliyeunganisha? Laini yako inabaki safi. Siku kazi ikiharibika hakuna atakayesema pesa ziliishia kwako.

Tunajua watakaotupinga. "Mteja akishajua namba ya fundi, ataniruka." Ni kweli, atakuruka. Kazi ya pili atampigia fundi moja kwa moja, na kwa maoni yetu ana haki. Ulichouza ni utambulisho, na utambulisho ni mara moja. Kazi ya kwanza ina jasho lako kidogo. Ya pili imeletwa na mkono wa fundi aliyeitengeneza friza vizuri. Kama mnataka mpango mwingine, kwa mfano fungu dogo kwa kila kazi ya mteja huyo kwa miezi sita, semeni mapema na muandike. Pasipo makubaliano, usiidai. Fundi muungwana atakutumia ya soda siku akipata kazi ya pili, lakini hiyo ni hiari yake, si deni.

Kinachotusumbua zaidi ni komisheni ya kimya. Fundi anakutumia 2,000 usiku, mteja hajui, kesho unamsifu fundi huyohuyo kwa mteja mwingine kana kwamba huna lako. Watu hulichukulia jambo hili kama ujanja wa kawaida wa mjini. Sheria ya Kenya ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003, kifungu cha 40, inalitazama kwa jicho jingine: kupokea faida kwa ajili ya ushauri unaompa mtu, huku umekusudia anayeshauriwa asijue, ni kosa. Sisi si mawakili, na hatusemi askari watakuja kwa ajili ya soda. Tunasema tu kwamba siri ndiyo inayoligeuza jambo. Komisheni ileile, mteja akiijua, ni ujira wa dalali.

Kwa mfanyakazi wa ofisi mambo ni mazito zaidi, na Mbaraki hii inawahusu wengi. Wewe ni karani wa klaringi, mwajiri wako anatafuta msafirishaji, na mwenye lori anakuahidi 1,500 kwa kila safari utakayompa. Hapo huelekezi mteja wako. Unauza uamuzi wa mwajiri wako. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inagusa sekta binafsi pia, si maafisa wa serikali pekee. Kama kuna zawadi, mwambie mwajiri. Akisema chukua, chukua. Akisema hapana, mwenye lori apunguze bei kwa 1,500 hizo hizo.

Ujumbe wa mistari mitatu

Turudi kwa yule kijana, tumpe nafasi ya pili. Angeandika hivi, na wote wawili wakausoma:

"Mama, huyu ndiye fundi niliyekwambia, nimemwona akitengeneza friza mbili hapa Mbaraki. Bei mtaelewana wenyewe, umlipe kwenye till yake. Kazi ikiisha na ukiridhika yeye atanipa 1,500 ya koneksheni, nakwambia ili ujue."

Tazama yaliyomo. Ametaja anachokijua kwa macho yake: friza mbili. Hakusema "fundi mkali sana, hana mpinzani". Ukimsifu mtu kupita unavyomjua, kosa lake litakuwa lako. Kama humjui vizuri, sema humjui vizuri: "Nimepewa namba yake na jirani, sijawahi kumtumia." Mteja atakuheshimu zaidi.

Ametaja kiasi, nani analipa, na lini. Hilo la lini wengi hulisahau. Komisheni inayokatwa kwenye arbuni ndiyo iliyoua kompresa. Arbuni ni pesa za vifaa, iacheni ifanye kazi yake. Fungu la dalali lifuate malipo ya mwisho. Na kazi ikifeli, fundi akalazimika kumrudishia mama pesa, 1,500 hazipo. Kama zilishatumwa, zirudi.

Fundi naye ana adabu yake. Kama hawezi kuja leo, amwambie mapema aliyemtaja, ili jina jingine litafutwe. Akimaliza, atoe habari: "Friza ya mama imewaka, amelipa yote." Ni kitu kidogo, lakini aliyemtaja fundi huwa amekaa na wasiwasi kuhusu jina lake mwenyewe, na kimya ndicho humfanya asitaje tena.

Mafundi watatu, kazi moja

Ndani ya kundi kuna swali jingine, la haki. Nani atajwe?

Duniani kuna mitandao iliyolijibu kwa kufunga mlango. BNI, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1985 na Ivan Misner na ambayo leo ina matawi Kenya pia, huruhusu mtu mmoja tu wa kila taaluma katika tawi: fundi umeme mmoja, mhasibu mmoja, basi. Rotary nayo, ilipoanza Chicago mwaka 1905, ilikuwa na desturi ya namna hiyo, na wanachama wake wa mwanzo walipeana biashara hadi wakaweka mtu wa kuandika hesabu ya nani kampa nani. Baadaye desturi hiyo ya hesabu iliachwa, chama kikageukia huduma kwa jamii. Hatushangai. Jaribu kukaa meza moja na mtu mwenye daftari la kukuonyesha una deni lake la wateja wanne.

Kundi la mtaa haliwezi kufunga mlango. Lina mafundi friji watatu, akina mama wapishi watano na wenye pikapu kumi, na wote ni majirani. Kuna wanaopendekeza zamu, kama chama cha meri-go-raundi: leo wewe, kesho yule. Sisi hatuipendi. Zamu inafaa kwenye chama kwa sababu 1,000 ya leo ni sawa na 1,000 ya kesho. Mafundi hawako sawa. Mmoja anajua friza kubwa za mkahawa, mwingine ni wa friji za nyumbani, na mama wa samaki hatakiwi kupata fundi asiyemfaa kwa kuwa tu zamu imefika.

Lililo la haki, tunavyoona, ni kumpa mteja majina mawili au matatu mbele ya kundi zima, kila moja na neno lake la ukweli, kisha achague mwenyewe. Aliyekosa leo ameona kwamba alitajwa. "Njoo inboksi" ndiyo inayochoma, maana waliobaki hawajui kama kazi ilikwenda kwa aliyestahili au kwa shemeji. Kama ni shemeji, sema tu ni shemeji. Watu wa Mombasa hawashangazwi na undugu, wanaudhiwa na kufichwa.

Msimamizi wa kundi ana jukumu hapa, na kubwa zaidi kama yeye mwenyewe ni mfanyabiashara. Asifute jina la mpinzani wake kwenye orodha. Asiwe wa kwanza kujibu kila siku. Na mtu akimsema vibaya mwenzake mbele ya mteja, "huyo aliniharibia jenereta", amwombe alalamike kwa mhusika kwanza. Kama kweli kuna hatari, pesa zimeliwa na mtu hapokei simu, basi kundi liambiwe waziwazi, pamoja na ushahidi.

Namba si njugu

Kabla ya kutoa namba ya mtu, muulize. Hii ni kwa mteja na kwa fundi pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, na ukizikusanya kwa ajili ya biashara, umeshaingia ndani ya sheria hiyo. Kwa lugha ya mtaani: mama wa samaki alitaka fundi friji, hakutaka apigiwe na muuza bima, wakala wa viwanja na mtu wa kamera ndani ya siku moja.

Kuna tabia nyingine inayotuuma sisi moja kwa moja. Mtu amelipwa, anafurahi, anapiga picha ujumbe wa malipo na kuubandika kwenye kundi: "Asanteni, koneksheni imejibu!" Ujumbe ule una jina la aliyelipa, kiasi, na namba ya muamala. Pengine una namba yake ya simu, na salio lako juu yake. Walaghai husoma makundi haya kama gazeti. Atampigia mama: "Mimi ni msaidizi wa yule fundi uliyemtumia jana, tuliyetajiwa na yule kijana wa Mbaraki. Imebaki elfu tatu ya gesi, tuma kwa namba hii." Kila neno linafanana na ukweli, kwa sababu wewe ndiye uliyempa maneno. Furaha iandike kwa mdomo, picha iache kwenye simu yako.

Na wewe unayelipa: namba mpya ikija na jina la mtu unayemwamini, mpigie huyo mtu kwa namba yake ya zamani kwanza. Kisha unapotuma, soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. Kama fundi ni wa kiume na jina ni la Bi fulani, uliza. Pengine ni mkewe. Pengine siye.

Kama maji yameshamwagika

Tuwamalizie mama, kijana na fundi wetu, maana huenda nawe uko palepale walipo.

Waketi watatu, au wapigiane simu ya pamoja, kila mtu jumbe zake mkononi. Wasianze na samaki. Waanze na hesabu: zimetoka 11,000, zimefika 7,000, ziko wapi 4,000. Kijana akisema ukweli hapo, kazi bado inaokoka. Amtumie fundi 4,000 siku hiyo hiyo, fundi awe na 11,000, anunue kompresa. Bei irudi 18,000 aliyoitaja fundi, mama amalizie 7,000 kwenye till kazi ikikamilika. Kijana aombe komisheni yake upya, safari hii mbele ya wote, na akubali ikiwa ndogo. Samaki walioharibika ni mazungumzo kati yake na mama, kwa sababu ucheleweshaji ulitoka kwake na si kwa fundi. Huenda mama akasamehe. Huenda akataka nusu.

Mama akihitaji orodha ya miamala yake ya siku hizo, atupigie au aombe taarifa ya akaunti kupitia menyu ya simu. Tutampa ya kwake. Za fundi na za kijana, wazitoe wenyewe.